Jina Langu la Tatu

Mtanzania yeyote aliyewahi kuomba mkopo wa masomo anaijua hati ya kiapo. Mimi niliipata nikiwa na miaka 19. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na herufi moja zaidi ya cheti cha kidato cha nne, kwenye jina la tatu, na kompyuta ikaniona watu wawili. Baba akanipeleka kwa wakili mmoja mjini Tabora, chumba kidogo juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Wakili hakuniuliza jina lipi ni la kweli. Aliuliza, "Unataka tubaki na lipi?" Nikamwambia. Akachapa ukurasa mmoja, nikaapa, nikatia sahihi, akagonga muhuri, Baba akalipa. Nusu saa haikuisha. Tangu siku ile majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Nilitoka pale nikiamini kwamba kusahihisha jina ni kazi ya muhuri.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na utafiti wangu unahusu askari wa Tanganyika waliopelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili. Watu takriban 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini wakati wa vita hiyo, baadhi yao katika King's African Rifles, KAR, jeshi ambalo wazee wetu waliliita keya. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivuka bahari hadi Ceylon mwaka 1943. Mwaka uliofuata ikaingia Burma, ikashuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni ikiwafuata Wajapani hadi mto Chindwin. Njia ziligeuka tope, malori yakazama, chakula kikawa kinadondoshwa kwa ndege, na malaria ikaangusha watu bila kufyatua risasi. Kalewa, mji ulioko kando ya mto huo, ilitwaliwa mwanzoni mwa Desemba 1944.

Sikuichagua mada hii kwa sababu ya pengo katika maandiko, ingawa ndivyo nilivyoandika kwenye pendekezo la utafiti. Niliichagua kwa sababu nyumbani kwetu, kijiji kimoja wilayani Nzega, kuna mtu aliyekwenda Burma akabaki hukohuko. Alikuwa ndugu wa baba mzazi wa babu yangu. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Majina yao sitayaandika hapa. Kwanza Bibi ameniomba, pili majina yenyewe ndiyo yenye mgogoro. Nitawaita Mkubwa na Mdogo, kwa jinsi walivyofuatana kuzaliwa. Mkubwa ndiye aliyebaki nyumbani, akamzaa babu yangu, akalima karanga na mihogo mpaka alipofariki mwaka 1984. Jina lake ndilo jina langu la tatu. Mdogo ndiye aliyekufa.

Kumtafuta askari aliyekufa siku hizi hakuhitaji nauli. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa kwa hati ya kifalme mwaka 1917, imeweka orodha yake mtandaoni, na mtu anaweza kuipekua akiwa kitandani na simu. Nikaandika jina ambalo kwetu lilitajwa kuwa ni la marehemu. Nilijaribu kwa R na kwa L, kwa H na bila H, maana najua jinsi makarani walivyotusikia. Akapatikana. Askari wa KAR, amekufa 1944, ameandikwa kwenye ukumbusho wa Rangoon ambao uko ndani ya makaburi ya Taukkyan, nje ya Yangon, pamoja na watu karibu 27,000 ambao makaburi yao hayajulikani. Jina la baba lilikuwa lenyewe. Wilaya ilikuwa yenyewe. Kisha mstari wa mwisho ukasema kwamba alikuwa mume wa fulani.

Fulani huyo ni mama yake babu yangu. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba yetu kijijini, chini ya mwembe. Alikuwa mke wa Mkubwa.

*

Nilifurahi, na hilo nalikiri. Mwanafunzi wa historia akiona kosa kwenye nyaraka za serikali hujisikia kama ameokota pesa. Nikawaza kwamba karani amechanganya ndugu wawili, kwa hiyo nitajaza fomu ya marekebisho, nitaomba mstari ule wa mke uondolewe, na nitapata sura nzima ya tasnifu.

Maana makosa ya makarani si hadithi ya kutungwa. Fikiria kijana anasimama mbele ya meza. Aliyekaa upande wa pili anazungumza Kiswahili cha kambini, kile ambacho wanaisimu hukiita KiKAR, chenye vitenzi visivyobadilika na ngeli zilizofyekwa. Kijana anaulizwa jina. Kwao mtu ana jina la kuzaliwa, ana jina la jando au la kazi, ana jina analoitwa na bibi yake tu. Anachagua moja. Karani anaandika alilosikia, anaweka herufi mbili za Kiingereza za kuonyesha "mtoto wa", kisha jina la baba. Halafu anapewa namba. Kuanzia hapo namba ndiyo inayopokea mshahara, ndiyo inayolazwa hospitali. Jina linaweza kuandikwa vingine kila kambi, ilimradi namba isikosewe.

Na askari wenyewe hawakuwa watazamaji. Timothy Parsons, mwanahistoria aliyeandika kitabu kuhusu askari wa kawaida wa KAR, anaonyesha jinsi maofisa wa Kiingereza walivyoamini kwamba yapo makabila yaliyozaliwa kwa ajili ya vita na mengine yasiyofaa, na jinsi imani hiyo ilivyobadilika kadiri mahitaji yalivyobadilika. Vijana waliisoma imani hiyo haraka. Aliyejua kwamba kabila lake halitakiwi aliweza kusimama kwenye foleni akiwa wa kabila moja na kutoka akiwa wa jingine. Karani aliandika alichoambiwa. Sasa mtafiti kama mimi anafungua orodha, anahesabu Wakamba, anachora jedwali, na hajui kwamba anahesabu pia akili za watu.

Wapo waliosahihisha kumbukumbu zao kwenda juu. Idi Amin alipokuwa rais wa Uganda ilisemwa rasmi kwamba alipigana Burma. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliingia KAR mwaka 1946, vita imekwisha, akiwa msaidizi wa mpishi. Ukishakuwa na mamlaka ya kutosha huhitaji fomu.

Basi nikampigia Bibi. Bibi ni mke wa marehemu babu yangu, yaani mkwe wa Mkubwa, na kwa utani wa bibi na mjukuu mimi ni mke mwenzake. Nikamwambia nimempata yule mzee wa Burma, ila Wazungu wamekosea, wamemwandikia mke wa kaka yake. Nikamwambia nitalisahihisha.

Bibi alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Mke mwenzangu," akasema, "hapo hawajakosea."

*

Nilipofikiria usiku ule nilidhani nimeelewa. Kurithi mjane. Ndugu amekufa vitani, aliyebaki akamchukua mke na mtoto, akawalea kama wake. Babu yangu alizaliwa 1941, hesabu inakubali. Kwa hiyo babu alikuwa mtoto wa yule wa Burma. Nikalia kidogo, nikaandika kurasa mbili kwenye daftari, nikajiona nimefika.

Sikuwa nimefika. Nilisafiri hadi Nzega mwezi uliofuata, na Bibi alinisimulia kwa siku tatu, tukichambua karanga, kipande kimoja leo na kingine kesho. Naandika kwa ufupi kile alichochukua siku tatu kukitoa.

Wakati wa vita serikali ilitaka watu, na njia ya kuwapata ilipitia kwa watemi na wanangwa wao. Mwanangwa wa kijiji chetu alitakiwa kutoa vichwa kadhaa. Jina la Mkubwa likatajwa. Mkubwa alikuwa na mke na mtoto wa mwaka mmoja. Mdogo hakuwa na mtu. Asubuhi ya kuondoka aliyetoka nyumbani alikuwa Mdogo, na alipofika mezani akasema jina la kaka yake, kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye orodha. Akaulizwa mke. Akamtaja shemeji yake.

Aliyebaki ilibidi awe mtu. Hawezi kuwa Mkubwa, maana Mkubwa yuko jeshini. Kwa hiyo akawa Mdogo. Akalipa kodi ya kichwa kwa jina la Mdogo, akapata stakabadhi kwa jina hilo, akalima kwa jina hilo. Mwanangwa alijua, kijiji kizima kilijua. Serikali ilitaka kichwa kimoja na ilikuwa imepata kichwa kimoja.

Halafu mwaka 1945 mke akaitwa bomani, akaambiwa mumewe amekufa, akapewa pesa.

Hapa Bibi aliacha kuchambua. Mama mkwe wake alipokea pesa za mjane na kurudi nazo nyumbani alikomwacha mumewe yu hai. Kijiji kikafanya alichokifanya kila kijiji: mjane akarithiwa na mdogo wa marehemu. Kwa desturi kila kitu kilikuwa sawa. Mwanamke yule aliolewa na mume wake mwenyewe mara ya pili, na kati ya ndoa mbili hizo kuna mtu aliyeoza mahali fulani kando ya Chindwin.

Hivyo jina langu la tatu, lile nililoliapia kwa wakili, ni la Mdogo. Ndilo lililopaswa kuwa kwenye jiwe la Rangoon. Na lililoko kwenye jiwe ni la mzee niliyeoneshwa picha yake ya mwaka 1979, amekaa kwenye kiti cha kukunja, ameshika bakora.

Siku moja Bibi husimulia kwamba Mdogo alijitolea, kwamba alitamani viatu na kuona bahari. Siku nyingine husimulia kwamba alitumwa. Nilimuuliza ipi ndiyo. Akasema inategemea nani alikuwa anamsimulia yeye.

*

Niliporudi chuoni nilisoma upya mambo niliyoyajua, na yalikuwa yamebadilika.

Ripoti ya Tume ya Aprili 2021, kwa mfano. Tume iliunda kamati kuchunguza ukumbusho wake wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya filamu ya David Lammy ya mwaka 2019 kuuliza maswali hadharani. Kamati ikakadiria kwamba waliokufa kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika wa mashariki na magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyolingana na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni siku ripoti ilipotoka.

Sehemu kubwa ya watu hao ni wapagazi wetu. Kwenye kampeni ya Afrika Mashariki Waingereza walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na kikosi chao kilichoitwa Carrier Corps ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo hapa Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Tunanunua vitenge na chaja za simu ndani ya jina la watu wasio na majina. Horace Byatt, gavana wa kwanza Mwingereza wa Tanganyika, alipoulizwa kuhusu makaburi makubwa ya wapagazi, alipendelea yaachwe yarudi porini. Na sanamu ya Askari iliposimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, pale ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Wissmann, maandishi yake yaliwaahidi waliokufa kwamba majina yao yatabaki kwa watoto wao. Kwenye sanamu hiyo hakuna hata jina moja.

Tangu ripoti hiyo Tume inatafuta majina, na baadhi yamepatikana katika nyaraka za kikoloni zilizokuwa zimetunzwa na jeshi la Kenya. Nafurahi. Lakini nasoma habari hizo nikiwa na kaswende ya familia yetu kichwani, na najiuliza kila jina jipya linapopatikana: aliyelisema mezani alikuwa nani?

Karatasi ikikosekana huwa tunabaki na mwili. Iko hadithi inayosimuliwa sana kuhusu Mwanza mwaka 1964, na wanahistoria huishika kwa tahadhari. Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani wa jenerali von Lettow-Vorbeck malimbikizo yao. Wazee karibu 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918, wengine walileta vipande vya sare, wengine hawakuwa na kitu. Mlipaji, inasemwa, akampa kila mzee ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani zile amri za kushika bunduki. Hakuna aliyekosea. Napenda hadithi hii na inanikera kwa wakati mmoja. Ilihitaji mzee wa miaka sabini ashike ufagio mbele ya kijana mwenye fedha ili aaminiwe kwamba yeye ni yeye.

Mahjub bin Adam Mohamed hakupata hata ufagio. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto pamoja na baba yake ambaye alikuwa askari. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Akaambiwa amechelewa. Akabaki, akaoa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akacheza filamu, akaomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikamatwa mwaka 1941 na kufia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 kibao kidogo cha shaba kiliwekwa njiani mbele ya nyumba aliyoishi Berlin, na humo jina lake la kwao limetangulia.

Alikufa mwezi mmoja na askari wetu. Sina la kufanya na jambo hilo, ila nililiona.

*

Kilichonishtua zaidi ni kwamba jambo letu lina nafasi kwenye fomu.

Waingereza wanawajua watu wa aina ya Mdogo, ila wa kwao. Katika Vita Kuu ya Kwanza vijana wengi wa Uingereza walidanganya umri ili waandikishwe, na wapo waliodanganya na jina, ili mama asije akawatafuta kambini, au kwa sababu walikuwa wametoroka kikosi kingine, au mke. Wakifa, familia iliandika barua, na Tume ikaweka jina la kweli pamoja na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "alitumikia kwa jina la". Hata kwenye mawe ya makaburi yapo. Hakuna lawama ndani ya maneno hayo. Jina la kweli na la uongo yanakaa pamoja kama yale majina yangu mawili kwenye hati ya wakili.

Maneno hayo ndiyo ninayoyataka. Mdogo, alitumikia kwa jina la Mkubwa. Mstari mmoja.

Ila Tume, kama ofisi yoyote yenye akili, inataka ushahidi wa maandishi kabla ya kugusa kumbukumbu: hati ya utumishi, cheti cha kuzaliwa, barua za wakati ule. Kijana wa Kiingereza aliyekimbia nyumbani aliacha nyuma cheti cha kuzaliwa, sensa, kitabu cha parokia. Mdogo hakuacha karatasi yoyote. Karatasi zote za maisha yake zilitengenezwa na kaka yake baada yake. Stakabadhi za kodi, kadi ya chama, cheti cha kifo cha 1984, vyote vina jina la Mdogo na vyote vinathibitisha kwamba Mdogo aliishi hadi uzeeni. Nikizipeleka nyaraka za familia, zitashuhudia dhidi yangu. Ndugu wawili wale waliificha kazi yao vizuri mno.

Kisha kuna walio hai. Baba hataki. Hakubishana kuhusu historia. Aliuliza kuhusu shamba. Shamba limerithiwa kwa jina lile, vyeti vyake vyote vina jina lile, na hati za wajomba zangu nazo. "Ukishaiambia serikali moja kwamba babu hakuwa babu," alisema, "serikali nyingine isiposikia ni bahati." Nilimjibu kwamba Tume haina habari na ekari zake nane. Alinitazama kama mtu aliyemlipia mtoto ada ya chuo bure.

Bibi alikuwa na hofu tofauti, na ndiyo niliyoshindwa kuijibu. "Mtaandika kwamba mama mkwe wangu alikula pesa za msiba wa mume aliyekuwa hai," alisema. Nikasema hakuna atakayemlaumu, kwamba pesa zilikuwa za damu ya shemeji yake, kwamba serikali ile ndiyo iliyoanza. Nilisema maneno mengi ya darasani. Bibi akasema mama mkwe wake alinunua ng'ombe kwa pesa zile na hakuwahi kunywa maziwa yake.

Nimefikiria sana kama kuna haki ya kusahihisha. Tunazungumza kuhusu kumbukumbu kana kwamba kosa siku zote ni la karani na ukweli siku zote ni wa familia. Hapa karani hakukosea hata nukta. Aliandika sawasawa alichoambiwa, na alichoambiwa ndicho kitu pekee ambacho ndugu wawili wa Nzega waliweza kukifanya dhidi ya orodha iliyokwisha kuandikwa. Nikiurekebisha mstari ule nauvunja mpango wao. Nisipourekebisha, yule aliyekwenda amekufa mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama mahali pa mtu mwingine. Nimekuwa nikibadilisha mawazo kila wiki. Mwalimu anayenisimamia anasema tasnifu si lazima iamue. Ni rahisi kwake, jina lake la tatu ni lake.

Aliyeamua ni Bibi. Mwezi wa nne alinipigia mwenyewe, jambo ambalo halifanyi kwa sababu ya vocha, akaniuliza wale wakili wa viapo bado wako Tabora.

Tulikwenda siku ya Jumatano. Wakili si yule wa zamani, ni dada mmoja karibu wa umri wangu, ila chumba ni kilekile na pikipiki bado zinanguruma chini. Nilikuwa nimechapa rasimu usiku: mimi fulani, mke wa marehemu fulani, naapa kwamba mnamo mwaka 1942 fulani alijiandikisha jeshini kwa jina la kaka yake. Wakili akamsomea. Bibi akatikisa kichwa.

"1942 mimi sijazaliwa," akasema. "Hilo nilisimuliwa. La kusimuliwa nitamsimulia mjukuu wangu. Kuapa naapa kwa nililoliona."

Wakili akanitazama, nami nikamtazama Bibi. Nikaanza kueleza kwamba bila sentensi ile hati haina maana, kwamba Tume itauliza. Bibi akanyoosha mkono kuomba ninyamaze, kama anavyofanya mahubiri yakirefuka.

"Andika," akamwambia wakili. "Niliolewa katika nyumba ile mwaka 1963. Nilimpikia baba mkwe wangu miaka 21. Jina lake sikuwahi kulitaja, mkwe hatajwi. Lakini niliwasikia wengine wakimwita. Wageni, majirani, watu wa kodi. Wakimwita kwa jina lile alikuwa haitiki mara ya kwanza. Masikio yake yalikuwa mazima, alisikia kuku akiingia shambani. Walimwita mara ya pili, ndipo akageuka, akatazama nyuma yake kwanza, halafu akaitika. Miaka yote 21. Nilidhani ni maringo ya wazee."

Wakili alichapa polepole, akiuliza hapa na pale. Alipomaliza, ukurasa haukujaa. Akamsomea tena tangu mwanzo, na alipofika mahali pa jina la baba mkwe, Bibi akatazama dirishani mpaka lilipopita. Kisha akaomba kalamu.